Utando Kwenye Nyanya za Mama

Harufu ya jani la mnyanya haitoki mkononi haraka. Ukiligusa tu, hata kama hukulivunja, vidole vinabaki na ule ukali wa kijani, na ukinawa kwa sabuni bado upo. Juzi nilikuwa kwenye roshani ya nyumba yangu, ghorofa ya tatu, nikikagua minyanya miwili niliyoipanda kwenye mitungi ya plastiki niliyoikata shingo. Jani moja lilikuwa limepauka. Lilikuwa na vitone vidogo vidogo vya njano, kana kwamba mtu alikaa akalidunga kwa ncha ya pini. Nikaligeuza. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba sana, wa kuonekana tu ukilielekeza jani kwenye jua, na ndani ya utando kulikuwa na nukta nyekundu zikitembea.

Nikanusa vidole vyangu, na aibu ikanipanda. Peke yangu, saa nne asubuhi, hakuna mtu wa kuniona, uso ukanichoma kama wa mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. Msinicheke. Wenzangu wana utoto wenye harufu ya mvua, wengine wa mkate unaotoka motoni. Mimi nina mdudu, na mdudu mwenyewe ukimtafuta bila miwani humwoni.

Tulikaa mtaa wa Kaloleni, jijini, miaka ya tisini ikianza, kwenye nyumba ya mawe yenye paa la vigae ambayo baba aliipata kwa sababu ya kazi yake ya ufundi wa reli. Mbele ya kila nyumba palikuwa na kiwanja kidogo, na kila mama aliyetoka magharibi akafika pale, akikiona kiwanja kile aliona shamba. Laini yetu, yaani ile safu ya nyumba zilizotazamana na njia moja ya vumbi, ilikuwa na sukuma, kunde, managu na mahindi machache ya kujikumbusha nyumbani. Mama yangu alikuwa na vyote hivyo, lakini fahari yake ilikuwa nyanya. Aliifunga minyanya yake kwenye vijiti kwa vipande vya petikoti kuukuu, akaipunguza matawi, akaisemesha. Watu walipita njiani wakasimama. "Mama Nekesa, hizi nyanya unazilisha nini?" Naye alijibu kwamba hazili kitu, zinapendwa tu. Mama hakuwa na dhahabu wala makochi ya maana. Alikuwa na nyanya.

Upande wa pili wa ua wetu wa michongoma aliishi Bi Zuhura. Mumewe alikuwa ametoka Mombasa kuja kufanya kazi reli, akafariki, na yeye akabaki kwenye nyumba ile akipika mahamri ya kuuza asubuhi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ulikuwa na pilipili kuliko bustani yake. Kiswahili chetu kilimtia uchungu. "Nyie watu wa bara," alikuwa akisema, "Kiswahili mwakipiga mpaka kinalia." Mimi nilimpenda sana. Kulikuwa na pengo kwenye michongoma, upana wa mtoto, nami nililipitia kila siku, mara nyingine asubuhi kabla ya shule, kumtazama akifanya kazi.

Alikuwa na mchicha, pilipili na waridi moja kwenye mkebe. Maji yalikuwa ya shida miaka ile, kwa hiyo hakuyamwaga ovyo. Yale maji ya kuoshea vyombo, yenye povu la sabuni ya mche, aliyaweka kwenye ndoo usiku, na alfajiri alitoka nayo akayarusha kwa kiganja juu ya mimea yake, kisha akainama akayarusha na chini ya majani. Akifanya hivyo alinung'unika. Nilijua ananung'unika nini kwa sababu nilikuwa hapo pembeni yake: aliwalaani waliofunga maji, akamlaani jogoo wetu aliyewika kabla ya wakati, akalilaani goti lake. Wala haikuwa dawa. Hakuwa na elimu yoyote ya wadudu. Ila tu hakulipenda vumbi. Vumbi la njiani likikaa juu ya jani lake alilichukulia kama tusi.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikuta sahani yake imefunikwa kwa kitambaa, ina mahamri yenye iliki. Na kila Jumapili jioni sahani ile ilirudi kwake na kitu: nyanya, managu, mayai mawili, hata ndimu moja kama hakukuwa na kingine. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Sahani ya jirani hairudi tupu. Kwetu Bungoma walisema hivyo, na nadhani Mombasa walisema hivyo pia, maana wawili hawa hawakuwahi kulijadili.

Mwaka ule jua lilikaa. Mvua ya kwanza haikuja, na ya pili ikaja kutania. Njia yetu iligeuka unga. Gari likipita, vumbi lilisimama hewani likifikiria pa kutua, kisha likatua kwenye bustani zetu. Siku hizo ndipo majani ya chini ya minyanya ya mama yalipoanza kuwa na vitone. Mama aliviona akasema ni jua. Baada ya siku chache majani yakawa na rangi ya shaba, akasema ni wadudu, na kwa wadudu mama alikuwa na dawa moja aliyoachiwa na mama yake, yaani kukhu wangu: majivu. Kwa vidukari ni majivu, kwa viwavi ni majivu, kwa kidonda cha mbuzi ni majivu. Nilitumwa na karai nyumba hadi nyumba kuomba majivu ya jiko, na nilifurahi, kwa maana kila mlango nilipewa na cha kutafuna. Mama akainyunyizia minyanya majivu mpaka ikawa ya kijivu kama wazee.

Ikazidi kuugua. Kadiri alivyoongeza majivu ndivyo ilivyokauka, na siku moja asubuhi tukaona utando. Ulianzia kwenye ncha za matawi, ukashuka, ukashika jani na jani, mpaka minyanya ikawa kama vyombo vya nyumba iliyohamwa. Sasa fikirieni aibu hiyo. Kwetu utando ndani ya nyumba una maana mbili tu: nyumba haina mtu, au ina mwanamke mvivu. Mama, ambaye alifagia mpaka njia ya serikali, alikuwa na utando mbele ya mlango wake, mchana, watu wakipita. Alianza kwenda bustanini jioni tu. Wageni akawaambia wapitie mlango wa nyuma, eti mbele kuna jogoo mkali. Shuleni mtoto mmoja aliniuliza, "Manze, ni ukweli kwenu nyinyi hufuga buibui?" Nilisema sio kwetu, ni kwa jirani. Nilimkana mama yangu hivyo hivyo, kwa wepesi, nikaendelea kula maharagwe.

Lakini jambo lililomtisha mama halikuwa utando. Lilikuwa kwamba hakumpata buibui. Alitafuta. Baba alitafuta na tochi. Mimi na macho yangu ya miaka tisa nilitumwa nilale chini nitazame, nikaona majivu tu. Utando upo, aliyeufuma hayupo. Mama alisema kitu kisichokuwa na mwenyewe si kitu kizuri, na kesho yake akamwita Mama Rispa.

Mama Rispa ndiye aliyeongoza kikundi cha maombi cha akina mama wa laini yetu. Nataka mmjue vizuri kabla hamjamchukia. Ndugu yangu mdogo alipougua kifua, ni Mama Rispa aliyelala sakafuni kwetu mpaka homa ikashuka. Alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi, mikono mikubwa, na hakuwahi kumwona mtu mwenye shida akapita.

Walikuja Alhamisi mchana, vilemba vyeupe, leso viunoni. Mama alitoa kigoda, akakitandika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe pembeni, Biblia ikawekwa juu yake, pale pale katikati ya minyanya. Mimi nilisimama karibu na kigoda. Akina mama wakaingia kati ya mistari, kila mmoja akashika mnyanya wake, wengine wakaikumbatia kabisa, wakaomba. Waliomba kwa moyo. Waliitikisa minyanya ile, wakaunyofoa ule utando kwa mikono na kuutupa, wakajifuta kwenye magauni. Majani yalianguka, majivu yakatimka, na nusu ya vile vilivyokuwa kwenye mimea vikamwagikia kwenye kitambaa cha mama.

Mama Rispa alipoinua Biblia aliona kitambaa kimechafuka. Akapangusa kwa kidole gumba. Kidole kikaacha mstari mwekundu. Akakitazama kidole chake, akatuonyesha.

"Damu," akasema, polepole.

Hakuna aliyetaja jina la mtu. Walichofanya ni kugeuza macho, mmoja mmoja, juu ya michongoma, ambako pilipili za Bi Zuhura zilikuwa zimesimama za kijani, zimeoshwa, zinang'aa. Na Bi Zuhura mwenyewe alikuwa hapo akianua nguo. Akatuona tunamtazama.

"Haya jamani, mwaombea nyanya?" akasema. "Basi niombeeni na goti langu."

Siku nyingine wangecheka. Mimi nilitaka kucheka, nikamtazama mama, nikaacha.

Waliondoka na magauni yale yale. Kila mmoja, kwa kuwa moyo ulikuwa umeingiwa na hofu, alipitia kwanza bustani yake kuikagua, akashika hiki, akageuza kile. Haukupita muda mrefu, utando ukatokea kwa Mama Rispa. Kisha nyumba ya pili yake, kisha kule mwisho wa laini. Palipotoka mwombaji pakaingia utando. Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Walisema kile kitu kimekasirika. Kimeombewa, kikawafuata waliokiombea. Na katika laini nzima ikabaki bustani moja tu iliyo nzima, na mwenye bustani hiyo hakuwa kwenye maombi, huamka kabla ya jua na ndoo ya maji yasiyojulikana, huyarusha kwa mkono wa kulia, akisema maneno chini ya pumzi.

Mimi nilijua yale maneno. Nilijua yale maji. Nilikuwa nimeviosha vyombo vyenyewe. Nilimwambia mama, "Ni maji ya sufuria, mama, hutukana jogoo." Mama aliniambia ninyamaze, na kuanzia siku hiyo nisionekane tena kwenye pengo la michongoma. Nikanyamaza. Mtoto akiambiwa na mama yake anyamaze, na kikundi kizima cha vilemba vyeupe kimenyamaza pia, hupata wapi sauti?

Mahamri ya Bi Zuhura yakaanza kulala kwenye beseni. Vijana wa laini walitoa habari kwamba ukiyala unaota mkia, na kuna mmoja aliapa amemwona mtu wa Makongeni ambaye mkia wake umeshaanza. Hayo yalikuwa ya watoto. Ya watu wazima yalisemwa chini chini jikoni, mama akikoroga chungu: kwamba nyumba ile ni ya wafanyakazi wa reli na mfanyakazi mwenyewe ameshakufa, kwamba mzee wa mtaa aambiwe, kwamba mwanamke peke yake anakaa hapo akifanya nini. Nilielewa sehemu moja tu ya maneno yale. Walitaka Bi Zuhura ahamishwe.

Jumapili iliyofuata sahani ikaja.

Sijui kwa nini aliileta. Labda hakuwa amesikia. Labda alikuwa amesikia. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kama kawaida, mahamri bado yana joto. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango, akaenda nyuma kwenye shimo la taka akayamwaga yote, na juu yake akamwaga majivu. Ndugu yangu alilia. Kisha mama akaiosha sahani ile kwa mchanga na sabuni, akaisugua kuliko sufuria ya ugali, akanipa.

"Peleka."

"Tupu?"

Hakunitazama. "Peleka, Nekesa."

Nilisimama jikoni nikizungusha macho. Palikuwa na kitunguu kimoja. Palikuwa na chumvi kwenye mkebe. Nilijiambia hata chumvi kidogo tu, lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, na nilipotoka alinitazama mikono. Nilipitia njiani, si kwenye pengo. Sahani ile ilikuwa nyepesi vibaya. Nimebeba vitu vizito maishani, majeneza mawili nikiyahesabu, lakini sijui kama kuna kitu kilichonilemea kama sahani ile isiyokuwa na kitu.

Bi Zuhura aliipokea. Akaitazama ndani, kisha, jamani, akaangalia chini yake na nyuma yangu, kana kwamba labda kuna kitu kimeniponyoka njiani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie sahani imefika."

Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka giza, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ukweli ulitoka kwenye kile kitambaa. Mama Rispa alikuwa amesema kisifuliwe mpaka mchungaji akione, na mchungaji alikuwa safarini. Mama alikiweka kwenye kabati. Siku moja alikitoa kukitazama, akaketi nacho kitandani kwa muda mrefu. Mama alikuwa amezaa mara nne. Damu alikuwa anaijua. Damu ikikauka kwenye nguo nyeupe inakuwa kahawia, inakakamaa, na haitoki kwa maji moto. Hii ilikuwa bado na rangi ya tofali. Aliulowesha upindo kwa mate akasugua, ikatoka.

Akaniita. Tukaenda bustanini jua likiwa juu, wakati ambao kwa wiki nyingi hakuwa ametoka. Akatandaza upande safi wa kitambaa chini ya mnyanya mmoja, akaugonga mnyanya kwa kidole.

"Macho yako ni mazima. Unaona nini?"

"Vumbi."

"Vumbi linaenda?"

Nikainama mpaka pua ikagusa kitambaa. Nukta moja ilikuwa inapanda mkunjo. Nyingine iliifuata. Zilikuwa ndogo kuliko chembe ya chumvi, nyekundu, na zilikuwa na haraka.

"Mama, iko na miguu."

Mama akaiminya ile nukta kwa ukucha. Ikaacha mstari mwekundu. Akakaa chini kwenye udongo na nguo yake nzuri.

Kesho yake alifunga jani kwenye karatasi akaenda mjini kwenye duka la mbegu na dawa za mimea. Kijana wa pale, alivyotusimulia mama, alikuwa akitafuna njiti ya kiberiti, na hakuitoa hata kumjibu. Alilitazama jani mara moja. Utitiri mwekundu, akasema. Mama alijua utitiri wa kuku, hakujua kwamba hata nyanya zina wake. Hawa ndio hufuma ule utando, wenyewe, wadogo hivyo. Wanapenda joto na vumbi. Majani yaliyoharibika kabisa yatolewe, yafungwe kwenye mfuko, yachomwe. Yaliyobaki yaoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, asubuhi, na hasa upande wa chini, kwa sababu ndiko wanakokaa, na kuoshwa kurudiwe mpaka waishe kwa kuwa mayai hubaki. Hayo majivu aache, amekuwa akiwaongezea vumbi. Na akishika bustani yenye hawa, asiingie kwenye nyingine na mikono hiyo na nguo hizo, maana husafiri kwa nguo.

Mama alituambia hayo mezani. Baba alicheka sana. "Kumbe mliwapeleka wadudu kwa maombi, mlango kwa mlango," alisema, mpaka akauona uso wa mama, akaacha.

Alhamisi mama alikwenda kwenye kikundi na kitambaa chake, akanichukua niwe macho. Walikutana kwa Mama Rispa. Mama akaeleza yote. Kitambaa kikatandazwa chini ya managu ya Mama Rispa mwenyewe, yakatikiswa, miwani ikaazimwa, ikazunguka. Kila mmoja aliiona miguu. Nilifurahi. Nilijiona kama nimeshinda kesi. Nilingoja waseme, basi, tumemkosea yule mama.

Mama Rispa alivua miwani akaikunja.

"Sawa, ni wadudu," akasema. "Lakini wadudu hawajitumi. Nani aliwatuma kwetu, wakamruka yeye?"

Akina mama wakatikisa vichwa. Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Tuliwabeba sisi. Kwa magauni yetu, siku ile."

"Yaani maombi ndiyo yaliyoleta?" Mama Rispa akauliza, na hapo mazungumzo yakaisha.

Lakini wiki iliyofuata niliamka alfajiri kwenda chooni nikaona jambo. Laini nzima ilikuwa nje. Kila mama alikuwa ameinama bustanini kwake na ndoo ya maji ya vyombo, anayarusha kwa kiganja, juu na chini ya majani, akinung'unika kwa baridi. Mama Rispa pia. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwake na ndoo yake, anatutazama. Hakuna aliyemwambia neno. Habari ya mzee wa mtaa ikafa yenyewe, na mmoja mmoja watu wakaanza tena kutuma watoto kununua mahamri, kana kwamba walikuwa wamesafiri tu.

Nyanya za mama zilirudi, si zote. Zilipoiva za kwanza, mama alichagua zilizo nzuri akazipanga kwenye sahani yetu yenye ukingo wa buluu, ile ya wageni. Akajifunga leso. "Twende," akaniambia. Haikuwa Jumapili. Ilikuwa mchana, na alipitia njiani, katikati ya laini, polepole, sahani ameishika mbele yake kila mtu aione. Nilielewa kwamba alitaka aonekane, nikamwonea fahari.

Bi Zuhura alikuwa na unga mikononi. Hakutukaribisha ndani wala hakutufukuza. Mama akasema pale pale mlangoni, amesimama.

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea. Walikuwa wadudu, Bi Zuhura. Utitiri. Nimewaona kwa macho yangu." Akaeleza, haraka haraka, majivu, vumbi, kitambaa, magauni. Akaeleza mpaka akaishiwa.

Bi Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho. Akajipangusa unga.

"Na kama wasingekuwa wadudu, Mama Nekesa," akauliza, "ungekuja?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Akangoja. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Nilimtazama, nikijua jibu ni rahisi, nikishangaa kwa nini halitoi.

Basi Bi Zuhura akaichukua sahani, akaingia nayo ndani. Alipotoka, ilikuwa imejaa mahamri.

"Shika, Nekesa," akaniambia mimi. "Yana moto, usiyaangushe."

Njiani nilikuwa nimefurahi sana. Niliona mambo yamekwisha: mdudu amepatikana na kosa, sisi tumeomba msamaha, mahamri yamerudi. Nilikula manne. Ndugu zangu walikula. Mama aliketi mbele ya sahani ile pale mezani, hakugusa hata moja, na nilipomsukumia akaniambia kula, nimeshiba. Mwaka haukuisha, Bi Zuhura akahamia Mowlem kwa binti yake, kwa hiari yake, akaaga laini yote kwa mkono. Pengo la michongoma likajiziba.

Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu, nilipolielewa swali lile. Mwanamke yule tulikaa naye ua kwa ua miaka mingi. Tulikula kwake kila Jumapili. Tulimjua hasira zake, goti lake, nung'uniko lake la alfajiri, mimi zaidi ya wote. Na yote hayo hayakutosha kumtetea hata kwa siku moja. Ilibidi mdudu asiyeonekana amtolee ushahidi ndipo tukamwamini. Mama alikwenda na nyanya kumwambia hana hatia, na yeye akataka kujua kwa nini ilihitaji kuthibitishwa.

Mdudu mwenyewe si kitu. Juzi nilikata yale majani yenye utando nikayafunga kwenye mfuko, nikayaosha yaliyobaki kwa maji ya vyombo, upande wa chini, na nitarudia. Jioni nikampigia mama simu. Amezeeka sasa, yuko Bungoma, masikio yamechoka, simu huishika mbali. Nikamwambia nyanya zangu zimeingiwa na utitiri.

"Unaosha chini ya majani?"

"Naosha, mama."

"Na nguo ubadilishe."

"Nabadilisha."

Nilisikia kuku wake, nikasikia akivuta kiti.

"Kama wasingekuwa wadudu, Nekesa, nisingekwenda," akasema.

Hakusema ni wapi, nami sikumuuliza.